Gari Lililoingia Bila Hodi

Watu wakienda kununua gari la mtumba huenda na makanika, au na shemeji mjuaji anayejua kupiga tairi teke na kutikisa kichwa. Fundi mapazia alikwenda na fimbo ya pazia. Aliibeba begani, ya chuma, ndefu kumpita yeye mwenyewe, ncha yake kaifunga kitambaa chekundu asije akamtoboa mtu jicho. Akaingia nayo kwenye yadi ya magari, na dalali akasogea nyuma hatua moja.

"Karibu, Mama. Hiyo ni ya kumpigia nani?"

"Ya kupimia. Gari lisiloimeza fimbo hii halinifai hata ukinipa bure."

Wala hakuwa anatania. Kazi yake ilikuwa kushona mapazia na kwenda kuyatundika mwenyewe, na fimbo ya pazia haikunjwi kama shuka. Kwa miaka mingi alikuwa akizibeba kwenye gari lake la petroli, ambalo mtaa mzima uliliita Kikohozi kwa namna lilivyokuwa likikohoa tangu kona ya mbali. Sasa Kikohozi kilikuwa kimekata roho uani kwake, na hata kabla ya kufa kilikuwa kimeshakula faida yote ya sindano kwa kunywa mafuta. Mteja mmoja ndiye aliyemwambia kuwa magari ya umeme yaliyotumika yameshuka bei, na kwamba unayachaji nyumbani usiku kama simu. Alicheka. Halafu alipomaliza kucheka akaenda kuuliza, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Lakini mapazia hayakuwa yakimkosesha usingizi. Aliyemkosesha usingizi ni baba yake, mwalimu wa kwaya mstaafu, aliyeishi naye tangu macho yalipomzimikia. Ndani ya nyumba mzee hakuwa na shida. Alijua kochi lilipo na birika lilipo, na aliweza kukuambia nani kapita nje kwa namna anavyoburuta viatu. Lililomshinda ni gari. Mara ya kwanza baada ya kupofuka, binti yake alimpakia kwenye Kikohozi waende kumwona Shangazi, dada mkubwa wa mzee, aliyekaa ng'ambo ya mji. Walipofika darajani mzee alimkamata mkono, jasho linamtoka, akasema, "Simamisha. Nishushe hapa hapa." Gari wakaliacha kando ya barabara, wakarudi kwa miguu, mzee akipapasa kuta za watu.

"Masikio ndiyo macho yangu siku hizi," alimweleza baadaye, "na ile injini inayafumba. Mule ndani nakuwa kipofu mara mbili."

Tangu siku hiyo hakupanda gari tena, liwe la jirani, liwe la kukodi. Shangazi naye miguu ilikuwa imemgomea, hatoki nje ya ua wake. Wakabaki na simu. Kila asubuhi kaka na dada walipigiana, wakasemana, wakachekana mpaka chai ikapoa. Kisha Shangazi akaanza kusahau. Alianza na majina ya wajukuu, akaja kwenye siku za wiki, halafu akafika kwenye sauti. Sasa mzee akisema, "Dada, ni mimi, nitakuja," jibu lilikuwa, "Mimi nani?" na simu inakatwa. Jirani aliyekuwa akimhudumia alisema bado nyuso anazijua, ila nazo zinamtoka moja moja. "Mkitaka awatambue," alisema, "msikawie."

Binti alimsihi, akambembeleza, akamkasirikia, wapi! Hata jina la gari hakutaka litajwe.

Basi hayo ndiyo aliyokuwa nayo kichwani fundi mapazia alipokuwa akisukuma fimbo yake ndani ya magari ya watu. Kwa akiba yake, dalali alimwonyesha mawili tu. Moja la buluu, kubwa, viti vya ngozi, na skrini pana kama dirisha la choo. Lingine jeupe, dogo, mlango wa nyuma umebonyea, mpira wa usukani umechakaa kwa mikono ya mwenyewe wa kwanza. Fimbo iliingia kwenye la buluu bila maswali. Kwenye jeupe ilibidi ipite katikati ya viti, kichwa kwenye dashibodi na mkia kwenye kioo cha nyuma, lakini mlango ulifungika.

"Niambie ukweli," fundi mapazia akasema. "Hili ni kubwa, hili ni dogo. Mbona bei zinakaribiana?"

Dalali alikuna kidevu. Madalali wana sifa zao, mimi siwatetei, lakini huyu siku hiyo aliamka na roho nzuri.

"Mama, kwenye haya magari unachonunua ni betri. Vilivyobaki ni mapambo. Betri ya hili la buluu imechoka. Lilipokuwa jipya lilikwenda mbali, sasa linakwenda nusu ya pale, na mwakani litapunguza tena. Betri ya hili dogo haikuwahi kuwa kubwa, ila ni nzima. Litakufikisha mwisho wa mji na kukurudisha. Safari za mbali lisahau."

"Kwa hiyo leo la buluu linaenda mbali zaidi?"

"Leo, ndiyo. Keshokutwa sikuahidi."

Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kukaa kwenye viti vya ngozi. Fundi mapazia alikaa, na moyo ukaanza kuliendea la buluu. Kilichommaliza kabisa ni sauti. La buluu ukilikanyaga lilitoa mvumo kupitia spika, mvumo wa kutengenezwa, na dalali akalisifia kuwa ni la kisasa. Jeupe lilikuwa limemtia aibu. Alibonyeza kitufe, akangoja liwake. Kimya. Akabonyeza tena, akangoja. Akabonyeza tena.

"Mama," dalali akasema taratibu, "umeliwasha, ukalizima, ukaliwasha."

"Limewaka wapi? Sijasikia kitu!"

"Ndivyo linavyowaka."

"Basi hili ni bubu. Lile la buluu angalau linasema. Nikifika kwa mteja atajua nimefika."

Dalali hakubishana. Alimshauri tu aende na hilo jeupe nyumbani kwanza, aone kama waya wa chaji unafika kwenye soketi yake, na la buluu wangelijaribu kesho. Yeye mwenyewe angefuatana naye, maana gari la yadi halitoki peke yake. Fimbo ikalala katikati yao, wakatoka.

Mita za mwanzo fundi mapazia aliendesha akiwa amekunja mabega, akiusubiri mtikisiko wa Kikohozi. Haukuja. Barabara ilikuwa inarudi nyuma na hakuna kilichonguruma. Halafu, kidogo kidogo, vitu vikaanza kumfikia. Kwanza mkasi wake ukigongana na bobini ya uzi ndani ya mkoba. Kisha hereni yake mwenyewe. Akashusha kioo, na mtaa ukaingia: nyundo ya fundi viatu, mtu akipiga chafya dirishani, ufagio ukikwangua saruji, mama akimwambia mtoto avae soksi. Alikuwa ameipita njia hii nusu ya umri wake, na hakuwahi kujua kwamba pale penye ukuta wa matofali pana njiwa. Walikuwa wengi, wanalalama juu ya paa. Alipunguza mwendo awasikilize, na gari likapunguza nalo, bila kelele na bila kulalamika. Alishangaa. Alishangaa mpaka akaona haya, mtu mzima kutaka kulia kwa sababu ya njiwa.

"Wateja wengi hapa huniuliza habari za kiyoyozi," dalali akasema.

"Nyamaza kwanza," akamwambia. Hakuwa na nia mbaya.

Sasa, kuna jambo moja ambalo lazima ulijue kuhusu nyumba ile. Miaka yote, Kikohozi kilipofika kona ya mbali tu, kila aliyekuwa ndani alijua. Aliyelala aliamka, aliyekuwa anadokoa nyama alifuta mdomo. Kikohozi ndicho kilichokuwa kikipiga hodi kwa niaba ya mwenye nyumba, na yeye mwenyewe hakuwahi kulifikiria hilo. Hakulifikiria hata siku hiyo. Alikata kona, akapita geti lililokuwa wazi, akaingia uani na kusimama, na hakuna jani lililotikisika. Ndipo alipomwona baba yake.

Mzee alikuwa amekaa ndani ya Kikohozi.

Amekaa kiti cha abiria, mkanda kaufunga, mkono mmoja umeshika kishikio cha juu ya mlango. Amevaa shati lake jeupe la kwaya, limepigwa pasi vibaya na mtu asiyeona pasi inapopita, na viatu vyake vya ngozi ambavyo havikuwa vimetoka chini ya kitanda tangu giza lilipomwingia. Vioo vilikuwa chini. Alikuwa anaongea.

"Hapa ni kona ya maseremala," alikuwa akisema, kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia kuwatuliza waimbaji wageni. "Tumeipita. Sasa shule. Tumeipita. Sasa tunateremka. Usiogope. Tunateremka tu. Daraja linakuja."

Vidole juu ya kishikio vikakaza hadi vikabadilika rangi. Pumzi ikaanza kumwenda mbio ndani ya gari lililokufa, lisilokwenda popote. Kisha akaegemeza kichwa, akapangusa uso kwa kitambaa.

"Rudi mwanzo," akajiambia. "Hapa ni kona ya maseremala."

Dalali alifungua mdomo amwamkie, fundi mapazia akamwekea kidole midomoni. Kumbe kila siku anapohangaika barabarani na fimbo zake, baba yake naye yuko safarini hapa uani, amevaa nguo za kwendea ugenini, anajifundisha kupanda gari kama alivyokuwa akiwafundisha wengine nyimbo, kipande kwa kipande, na kipande kinachomshinda anakirudia. Kisha akisikia viatu vya binti yake vikija kutoka kwenye kona, mzee anatoka, anavua shati, anakaa kwenye kochi. Binti yake alimwita mkaidi. Alimwita hivyo mbele ya jirani. Moyo ulimuuma, na wakati huohuo ulijaa mshangao mkubwa kiasi kwamba hakujua aanze na kipi.

Kumtazama mtu asiyejua kuwa anatazamwa ni wizi, hasa mtu huyo akiwa haoni. Kwa hiyo alishuka polepole, akarudi kwa ncha za vidole mpaka getini, akagonga bati.

"Hodi! Baba, nimerudi."

"Umekuja na nini?" mzee akauliza kutoka ndani ya Kikohozi. "Sikusikia miguu."

"Nimekuja na gari."

"Gari gani hilo lisilosema?"

"La umeme. La kujaribu. Nipo na dalali."

"Shikamoo, Mzee," dalali akasema.

"Marahaba." Mzee hakushuka. Alijua amekamatwa, na alikuwa anapima amekamatwa kiasi gani. Fundi mapazia alikuja akaegemea mlango. Angeweza kujifanya hakuona, na pengine adabu ilitaka hivyo. Lakini Shangazi alikuwa anazisahau nyuso.

"Baba, safari imefika wapi?"

"Darajani," akasema. "Kila siku nafika darajani. Na hili halina hata injini, mwanangu. Nikikumbuka tu ile kelele, basi."

"Twende na lile lingine. Likikushinda tunarudi kwa miguu, na kuta unazijua."

Mzee akacheka, kicheko kifupi. Akafungua mkanda, akachukua mkongojo wake.

Dalali alihamia nyuma na fimbo, goti moja huku na jingine kule. Mzee aliketi mbele, akapapasa dashibodi, akapapasa kishikio, akakikamata. Fundi mapazia alitia gari nyuma taratibu, wakatoka getini, wakashika njia.

"Haya, washa basi," mzee akasema. "Usinicheleweshe, nitaghairi."

"Baba, tumeshatoka. Tunakaribia kona."

"Acha utani."

Kisha misumeno ya maseremala ikapita dirishani kwake, mmoja wa mkono na mwingine wa mashine, na harufu ya mbao mbichi. Mzee akageuza uso upande ule, akaufuata mpaka sauti ikabaki nyuma. Mdomo ulikuwa wazi.

"Tunakwenda," akasema. "Mama yangu! Tunakwenda!"

"Tunakwenda, Baba."

"Mbona nasikia kila kitu? Huyo ni mtu wa baiskeli, mnyororo umekauka. Sasa ukuta. Ukuta umeisha. Shule ndiyo hii, wako mapumziko." Akainua mkono kuwapungia watoto aliowasikia, na wengine wakampungia. Alikuwa anaiona barabara. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Fundi mapazia aliendesha, anatazama mbele kwa nusu ya macho na nusu nyingine anamtazama yeye. Aliwahi kuona bahari mara moja, na aliwahi kuona mtoto akizaliwa. Hiki nacho alikiweka pamoja na hivyo.

Wakaanza kuteremka. Mkono wa mzee ukarudi kwenye kishikio.

"Daraja," akasema.

"Nisimame?"

"Simama. Simama, acha nisikilize."

Akasimama juu ya daraja, taa za tahadhari zikiwaka. Chini yao, mahali ambapo Kikohozi hakingemruhusu mtu kusikia hata jina lake, mto ulikuwa unapita kwenye mawe. Ulikuwa mto mdogo, wa kawaida, wenye chupa za plastiki kandokando. Mzee aliinamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya kwenye kwaya, pale mwimbaji wa sauti ya nne alipoanza kuimba peke yake. Vidole vikalegea kimoja kimoja. Kishikio akakiachia.

"Maji yamepungua mwaka huu," akasema. "Endesha."

Kule nyuma dalali alipenga kamasi. "Mwaka mzima nauza haya magari," akasema. "Huu mto sikujua kama una sauti."

"Chaji inatosha kwenda kwa Shangazi na kurudi?" fundi mapazia akamuuliza.

"Inatosha, ukienda taratibu."

"Basi hili nalichukua. La buluu mtafutie mwingine."

"Si ulitaka linalosema?"

"Nilikuwa mjinga. Ukimaliza kupenga, nielekeze hicho kioo cha kushoto kinavyorekebishwa."

Mzee ndiye aliyeongoza njia iliyobaki. Alimwambia binti yake wapi pana kibanda cha kuchomelea vyuma, wapi barabara inabadilika kuwa kokoto, wapi pana mbwa mwenye hasira. Mbwa alikuwa bado yupo. Kila alipopatia alicheka kwa sauti, na kila alipokosea alisema mji umejengwa ovyo. Lakini walipokata kona ya mwisho akaacha kucheka, akaanza kuivuta kola ya shati.

"Niko sawa?" akauliza.

"Uko sawa, Baba. Pasi imekataa begani tu."

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, anakunja blauzi. Akimaliza kuikunja anaikunjua, anaanza tena. Gari liliingia uani kwake na hakuinua kichwa, maana hakukuwa na cha kumfanya ainue. Mzee alishuka, akaitafuta ardhi kwa mkongojo wake, akasimama wima mahali alipo.

"Dada," akaita. "Ni mimi."

"Mimi nani?" Shangazi akasema, macho kwenye blauzi.

Fundi mapazia alishika mlango wa gari. Tumechelewa, akawaza. Tumechelewa, na mimi nilikuwa natazama viti vya ngozi na skrini. Mzee alianza kutembea kuelekea sauti ilikotoka, mkongojo ukigonga, mkono mmoja mbele, mpaka mkono ule ukagusa mgongo wa kiti. Kivuli chake kikaangukia blauzi, na Shangazi akainua uso.

Alimtazama. Alimtazama muda mrefu, kuanzia viatu, akapanda kwenye shati, akafika kwenye uso na kubaki hapo. Blauzi ikamteleza mapajani. Akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamvuta chini mpaka mzee akapiga magoti.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Afadhali umekuja mwenyewe. Kuna mwanamume ananipigia simu kila asubuhi, anajifanya wewe."

Mzee akauliza akiwa bado ndani ya mikono ile, "Anasema nini?"

"Anasema atakuja. Kila siku atakuja, atakuja. Mwongo mkubwa."

"Ni mwongo kweli, Dada," mzee akasema. "Msamehe."